Asubuhi Tanga, Alasiri Tabora

Laurenti alikuwa mpakiaji wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Tanga. Miaka minane alikuwa akibeba masanduku ya wasafiri, lakini ndani ya ndege hakuwahi kupita mlango wa mizigo. Siku ilipofika simu ya maandishi kutoka kwa dada yake Benedikta, "Mama hoi, njoo", alijiketisha juu ya mzani. Kwao ni Tabora. Alipokuja kukata mkonge Maramba, mwaka wa arobaini na tano, safari ilimla siku tisa, na tangu hapo hakurudi.

Karani Idarusi aliisoma ile simu, akaingia kwa mkubwa wa uwanja, akakawia huko. Alitoka na karatasi.

"Kuna kiti kitupu hadi Dar es Salaam, na kingine hadi Tabora. Ni kwenda tu; kurudi utajua mwenyewe. Leo usipakie, bwana. Panda."

Wakaruka saa mbili asubuhi. Dar es Salaam dakika hamsini. Pale akangoja saa mbili nzima. Halafu saa tatu na nusu angani, pamoja na kutua Dodoma. Masikio yalimziba, na nchi aliyoipita zamani kwa siku tisa ikateleza chini yake asiione vizuri. Kutoka uwanjani Tabora alikwenda kwa miguu. Alasiri alikuwa mlangoni pa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Laurenti."

Mama akamshika mkono, akaupapasa mpaka kiwikoni. "Umetoka lini huko?"

"Leo asubuhi, mama. Nimekuja kwa ndege."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Benedikta, aliyekuwa akikoroga uji, akaacha.

"Kumbe ni karibu hivyo," mama akasema. "Miaka kumi na mmoja, mwanangu, nami nilikuwa nawaambia watu uko mbali."

Laurenti alitaka kumweleza kwamba ni mbali, kwamba njia ile si ya watu kama yeye, ni bahati ya siku moja. Lakini yeye ndiye aliyekuja kwa njia hiyo, na vumbi la Tanga halijamtoka viatuni. Akachukua bakuli kwa dada yake, akamnywesha mama uji. Aliunywa wote. Jumapili alifariki.

Baada ya matanga Laurenti alirudi kwa gari moshi hadi Morogoro, kisha kwa malori. Masika yalikuwa yamepamba moto. Siku ya sita lori lilizama topeni, Handeni hata haijaonekana, na abiria wakaambiwa washuke wasukume. Alisimama akitazama ile barabara nyekundu isiyo na mwisho. Laiti mama angekuwa ameketi pale juu ya magunia, aone mwenyewe palivyo mbali. Kisha akakunja suruali, akaweka bega.