Zahanati Isiyo na Mgonjwa

Ofisini walimwita Mama Takwimu, na kazi ya kunakili ripoti ilikuwa imemfika kooni. Kila mwezi maneno ni yaleyale, kinachobadilika ni jina la zahanati na tarakimu. Basi akaandika makro, programu fupi unayoitajia jina la zahanati, nayo inapiga hesabu, inachora grafu na kumalizia kwa sifa. Wagonjwa wakipungua, inaandika, "Afya ya jamii imeimarika." Sentensi hiyo mkurugenzi aliipenda kama roho yake, na Mama Takwimu hakuwa na hamu ya kubishana na mtu anayemsainia likizo.

Mwezi mmoja zahanati ya bondeni haikuleta data. Makro haina mdomo wa kuuliza. Palipokuwa patupu ikapachika sifuri, ikatangaza kwamba wagonjwa wamepungua kwa asilimia mia moja na afya ya jamii imeimarika. Mkurugenzi akasoma, akachekelea, akaagiza ngao ya zahanati bora.

Yeye na Mama Takwimu wakaipeleka wenyewe. Walikuta kufuli mlangoni na buibui wametanda dirishani. Jirani aliyekuwa akianua nguo akawaambia, "Daktari alishahama. Wagonjwa wanajifia majumbani."

Mama Takwimu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Bosi, kosa ni langu. Nitairekebisha makro leo hii."

"Usiiguse," alisema mkurugenzi, huku akitafuta msumari wa kutundikia ngao. "Zahanati nyingine ndizo za kurekebisha. Hivi, makufuli kama haya yanauzwa wapi?"