Kola Yenye Damu

Sindano ilipenya ukucha wa kidole changu cha shahada ikatokea upande wa pili, nami sikupiga kelele. Nilizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, nikajinasua, nikakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa na kuendelea kushona kola.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kiwanda chetu cha mashati kililipa vizuri kuliko vingine; si sana, kiasi tu cha kumfanya mtu aogope kukipoteza. Na nje ya geti, kila asubuhi, walisimama wanawake chungu nzima wakingoja mmoja wetu ateleze. Msimamizi tulimwita Saa Mbovu, kwa kuwa hukujua atagonga saa ngapi. Hakuwa mtu wa kufoka. Alifungua tu dirisha linalotazama getini, na mashine zikaongeza kasi zenyewe.

Siku ile aliingia ameshika shati jeupe. Kwenye kola palikuwa na tone la damu, dogo kama punje ya mtama.

"Nani kashona hili?"

Kola tulishona wawili tu: mimi na Mama Pacha, aliyenifundisha kazi, aliyenigawia chakula chake mwezi mzima kabla sijapata mshahara wa kwanza. Nikaficha mkono chini ya meza. Nyumbani mama alikuwa hajiwezi, na wadogo zangu walinitazama mimi.

Saa Mbovu akafungua dirisha. "Asiposema mtu, mnaondoka wote wawili."

Mama Pacha alinitazama usoni, kisha pale mkono wangu ulipozama. Nikajua amejua. Nikainamia cherehani.

"Ni mimi," akasema.

Alichukua mkoba wake. Alipopita nyuma yangu akainama kidogo. "Kikande kwa maji ya chumvi hicho kidole, mwanangu. Kisije kikaoza."

Hazikupita dakika kumi akaletwa binti kutoka getini, akakalia kiti kabla hakijapoa. Uzi ulimshinda kutunga.

"Dada," akaninong'oneza, "eti hapa wanafukuza watu ovyo?"

Miaka arobaini imepita, na bado namtafutia jibu.

"Shona, mdogo wangu," nilimwambia. Sikumuuliza jina lake mpaka mwaka ukaisha.