Tango, Biringanya na Ndege ya Yoriaki

Bi Tazu aliondoa samaki kwenye jiko la gesi, akapangusa mafuta, kisha akashikilia juu ya moto fremu iliyobana karatasi nyeupe ya plastiki. Plastiki haina haraka ya kuiva, ila ikishaiva haimsubiri mtu. Kwanza hukunjamana, halafu hujinyoosha, mwisho hulegea katikati kama tumbo la paka mzee. Ilipolegea, aliigeuza upesi na kuikandamiza juu ya sanduku lenye matundu kama chujio, akabonyeza kwa kidole cha mguu swichi ya mashine ya kufyonza vumbi, ambayo mpira wake ulichomekwa ubavuni mwa sanduku. Mashine ikavuta pumzi moja. Plastiki ikaikumbatia kalibu ya mti iliyokaa juu ya matundu, na nusu ya ndege ikawa imezaliwa.

Jirani yake Shimeno alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kachumbari ya figili.

"Shoga, mikeka yako ina vumbi la tangu mwaka jana, na mashine unaifyonzesha upepo."

"Mikeka haisafiri," alisema Tazu.

Kila mwezi wa Agosti, siku za Bon, wafu wa mji wa Ubashima hurudi nyumbani, na kila nyumba huwaandalia vipando. Tango lililochomekwa vijiti vinne ndiye farasi, waje mbio. Biringanya ndiye ng'ombe, waondoke polepole. Jioni ya moto wa kuwakaribisha, matango hutoka yenyewe kwenda kuwapokea bandarini. Mfu huja kwa ukubwa wa kipando chake, kwa hiyo Yoriaki, mume wa Tazu, alikuwa akifika akiwa na urefu wa kidole, amevaa koti lake la urubani, uso ameukunja. Alikuwa rubani wa majaribio, akafa kijana. Hakupenda tango.

"Farasi huyu anachechemea," alikuwa akisema kila akishuka. "Na watu wananiona naingia mjini juu ya mboga."

"Watu gani? Si na wao wamepanda matango?"

"Wao walikuwa wauza samaki."

Bon iliyopita aliongeza neno. "Tazu, nataka ndege yangu."

Huko Shizuoka viwanda hutoa ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, za kila vita na kila shirika, unanunua boksi na gundi unakwenda zako. Lakini ndege ya Yoriaki iliundwa moja tu, ikaruka mara chache, ikaanguka ghubani. Haikuwa na boksi dukani. Basi Tazu alichonga kalibu kutoka kwenye kibao cha jikoni cha mama mkwe, na Yoriaki akatembea juu ya meza akimtajia vipimo kama alivyofundishwa kwenye michoro ya kampuni iliyoiunda. Siku za Bon zilipokwisha, kibao kilikuwa kimekwisha pia, na Tazu akabaki na mwaka mzima wa tupa, msasa na jiko la samaki.

Haikuwa kwa ajili ya tango peke yake. Bandarini pana jiwe jeusi, na juu yake jina la Yoriaki, na chini ya jina: *Ndege iliangushwa na kosa la rubani.* Kila mfu anayeingia mjini hupita mbele ya jiwe hilo. Wafu wenzake Yoriaki, ingawa walishalikariri, hupunguza mwendo wa matango yao wasome tena. Tazu aliomba maneno yale yafutwe mpaka akaota mvi. Mwenye kauli ni kamati ya jiwe, na mwenyekiti wa kamati ni Bwana Hatogai, ambaye enzi zake kwenye kampuni alichora mkia wa ndege hiyohiyo. Bwana Hatogai ni mwenyekiti pia wa Chama cha Ndege Ndogo. Mtu mpole, hajawahi kukataa ombi lolote. Husema tu kwamba jambo hilo linahitaji kutazamwa.

Mwaka huu, jioni ya moto, ndege ya Tazu iliwasha rafadha yake, ikanguruma kama cherehani, ikatoka dirishani. Ilirudi kabla matango hayajafika hata sokoni. Ilimpita Shimeno kichwani, ikateremka kwenye meza ya marehemu katikati ya maandazi ya mchele na sahani ya pichi. Yoriaki akafungua kioo. Sasa alikuwa mdogo kama pingili ya kidole, ila uso ulikuwa umekunjuka.

"Nusura univue ushungi, shemeji," alisema Shimeno.

"Umezeeka, Tazu," alisema Yoriaki.

"Na wewe umekataa kuzeeka. Sijui nani kakosa adabu."

Kesho yake Bwana Hatogai alikuja na tikiti lililofungwa wavu, kama kila mwaka. Akawasha udi, akainama mbele ya picha ya Yoriaki, akamwinamia na Yoriaki mwenyewe aliyekaa ukingoni mwa kikombe cha chai akibembeza miguu. Kisha akatoa lenzi mfukoni. Aliizunguka ndege kwa magoti. Alisifu ribiti, alisifu kioo, alisifu hata uchafu wa moshi chini ya tumbo. Alipofika nyuma, aliguna.

"Kifuniko hiki cha mkia, shemeji, sicho. Chembamba."

"Nimefuata vipimo," alisema Tazu. "Kalibu nimeichonga ndogo kidogo. Ukishavuta plastiki juu yake, unene wa plastiki unajazia."

"Ndivyo inavyotakiwa. Mtu yeyote anayevuta plastiki analijua hilo. Lakini kwenye ndege ile hatukupunguza. Kalibu ilichongwa kwa kipimo kamili cha mchoro, bati likavutwa juu yake, basi kifuniko kikatoka kinene kwa unene wa bati. Nakumbuka vizuri, mchoro ni wangu."

Yoriaki aliacha kubembeza miguu. "Kinene?"

"Kidogo tu, ndugu yangu. Kwa macho hakionekani."

"Mimi nilikuwa mbele."

"Ulikuwa mbele, ndiyo." Bwana Hatogai alimgeukia Tazu. "Kesho ni maonyesho ya chama. Ukipeleka mfano wenye kosa utaniumiza moyo."

Mtu wa ndege ndogo ukimwonyesha mfano usio sahihi hawezi kunyamaza, hata kama kunyamaza ndiko kungemfaa. Tazu alipaka kalibu gamba jingine la gundi na unga wa mti, likakauka, akalisugua. Bwana Hatogai mwenyewe alishika fremu juu ya moto, akawa anahimiza, bado, bado, sasa. Mashine ikavuta pumzi. Kifuniko kikatoka kinene kama alivyokumbuka, wakakibandika, naye akapiga makofi mepesi.

Wakati wa chakula Yoriaki alitaka kunyoosha mbawa. Alizunguka taa, akazunguka kabati, akateremka kuelekea mezani, akavuta usukani ili ainue pua. Ule ubao wa mkiani unaoinua pua ulipanda nusu, ukagusa kifuniko, ukakwama. Ndege ikaingia kwenye supu ya miso ya Bwana Hatogai.

Bwana Hatogai alimwopoa kwa vijiti vyake vya kulia. Tazu akampokea kwa kijiko, kwa sababu kupokezana vijiti kwa vijiti ni kwa mifupa ya maiti tu, na ya Yoriaki walishaipokezana.

"Nilivuta," alisema Yoriaki akitoa mwani shingoni. "Umeona kwamba nilivuta."

"Nimeona. Umevuta vizuri sana." Macho ya Bwana Hatogai yalikuwa yamelowa. "Na ubao ukakwama kwenye kifuniko, palepale. Shemeji, tangu nianze mambo haya sijaona mfano sahihi namna hii."

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la kifuniko," alisema Tazu.

"Kwenye mfano, ndiyo."

Akaomba supu nyingine.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa mji. Waliweka beseni la maji ili ndege isivunjike, na Yoriaki akaombwa aonyeshe. Akaruka, akavuta, mkia ukakwama, akaingia majini. Waamuzi walitikisa vichwa wakikubali. Wakaomba arudie, kwa ajili ya wale wa nyuma. Mwamuzi mmoja aliuliza kama rangi ya kijani haijazidi kidogo, wakabishana juu ya kijani mpaka chai ikapoa. Mwishoni wakaipa utepe wa dhahabu, tuzo ya usahihi. Chini ya utepe wakaweka kadi: *Ndege ya majaribio ya Ubashima. Iliangushwa na kosa la rubani.* Rubani alikuwa amesimama mbele ya kadi, kofia mkononi, anachuruzika maji. Watazamaji walimwomba kwa heshima asogee kidogo, wasome.

Tazu alimkuta mwenyekiti karibu na birika.

"Bwana Hatogai, kitendawili."

"Tega, shemeji."

"Mtoto kafanana na mama kwa kila kitu. Mtoto kiwete. Mama, wanasema, hakuwa kiwete, aliangushwa na aliyembeba."

Bwana Hatogai alifikiri. Alitazama dari, akatazama viatu. "Umenishinda."

"Basi nipe mji."

"Chukua Ubashima yote, na bandari yake."

"Bandari nitaiweka wapi, nyumba yenyewe vyumba viwili? Nipe jiwe tu."

"Jiwe ni la kamati."

"Na mwenyekiti wa kamati ni nani?"

"Mimi. Lakini kamati haikutani siku za Bon, wajumbe wana wageni." Akamwongezea chai. "Ni jambo linalohitaji kutazamwa, shemeji."

"Limetazamwa leo na ukumbi mzima."

"Na wote wamelipenda," alisema Bwana Hatogai.

Jioni ya kuwaaga wafu, Tazu aliweka biringanya kizingitini, akalirekebisha mguu mmoja. Yoriaki alipanda, akarudia urefu wake wa kidole. Shimeno alikuwa amemletea maandazi ya njiani. Ndege ilibaki kabatini na utepe wake.

"Mwakani niwekee tango," alisema Yoriaki.

"Si ulisema linachechemea?"

"Linachechemea. Lakini nikilivuta, linainua pua."

Tazu alitia kiberiti kwenye vijiti vya moto wa kuaga. Biringanya likaondoka kwa mwendo wake wa ng'ombe, likajiunga na mengine barabarani, likashuka nayo hadi bandarini. Pale kwenye jiwe msafara ulisimama, kama kila mwaka, wa mbele wakisoma na wa nyuma wakingoja zamu yao.