Betri ya Bibi Kizee

Mwanamke yeyote anayepeleka maneno kati ya watu wawili wa nyumba moja na asikilize haya, kabla hayajamfika.

Baba na mwana walikuwa hawasemeshani. Mama ndiye aliyepokea huku akapeleka kule. "Mwambie mwanao." "Mwambie mumeo." Walikaa meza moja, magoti karibu yagusane, na bado chumvi ilipitia kwa mama. Jirani yake alimcheka: "Shoga, wewe umekuwa simu. Tena hawakuwekei hata chaji!" Mama akacheka naye, kisha akarudi ndani.

Ugomvi ulianza kijana alipoacha ukarani aliotafutiwa na baba yake, akaenda kushika spana gereji. Baba, tarishi mstaafu, aliona ametukanwa. Kilichobaki kuwaunganisha ni pikipiki ya baba, kuukuu, ambayo mtaa mzima uliiita Bibi Kizee. Asubuhi baba aliifuta vumbi, jioni mwana aliikaza hapa na pale, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke uani. Mama aliomba tu kwamba siku moja watakutana hapo, waseme hata neno.

Sasa, pikipiki ya kale kama ile ina tabia yake. Waya wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki yenyewe, kinyume cha hizi za leo. Kijana alitaka kumfungia baba yake taa za kisasa, na taa hizo hazikubali mtindo huo. Basi akaigeuza. Aligeuza betri, akahamisha nyaya, na dainamo, ile inayochaji betri, akaigusisha umeme kidogo ili nayo ishike upande mpya.

"Mama, mwambie mumeo hasi ndiyo iko kwenye bodi sasa. Betri asiiguse. Akigeuza betri tu bila dainamo, injini ikiwaka dainamo na betri zitapigana, nyaya ziungue."

Mama akayarudiarudia maneno yale kama mtoto aliyetumwa dukani. Akayafikisha yote, halikudondoka hata moja.

Baba hakuinua macho. "Mwambie mwanao nimeiendesha pikipiki hiyo yeye hajaota meno. Chanya ndiyo inakaa kwenye bodi."

"Baba watoto, kasema itaungua."

"Kasema! Na mimi je, sina mdomo?"

Kijana alipotoka kwenda kutafuta skrubu za taa, baba akainua kiti cha pikipiki, akaigeuza betri kama alivyoizoea. Akajaribu taa. Ikawaka vizuri tu, maana balbu ya kale haijali upande.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Iko wapi hiyo vita?"

Mama alirudi kufua mbele ya nyumba. Alikusudia kijana akirudi tu amwambie. Lakini kijana aliingia uani kwa mlango wa nyuma, na kitu cha kwanza mama alichosikia ni injini. Akakimbia, povu mikononi, akipiga kelele: "Zima! Baba yako kaigeuza! Zima!"

Bibi Kizee alinguruma akayafunika maneno yote. Kijana alimwona mama yake anapunga mikono, akadhani anashangilia. Akatabasamu, akavuta mafuta zaidi.

Moshi ukatoka chini ya kiti, kisha mpira wa nyaya ukaanza kuyeyuka karibu na tangi. Angeweza kuruka akakimbia. Lakini ilikuwa pikipiki ya baba yake. Akauzima moto kwa kuushika: akaingiza mkono wa kulia, akaukamata waya wa betri unaowaka, akaung'oa. Pikipiki ikapona. Mpira ukamganda vidoleni, ukaondoka na ngozi.

Vidole vile havikunjiki tena. Spana anaitazama tu.

Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali walikaa mezani kama zamani. Baba alisukuma sahani, akaivuta tena. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwambie mwanao... mwambie pole."

Mama akaweka upawa chini. "Huyo hapo. Mwambie."

Baba akaiinamia sahani yake. Kijana akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kopo la chumvi, haukufika. Baba aliliangalia lile kopo, lilikuwa karibu na kiwiko chake. Hakulisogeza. Na mama, kwa mara ya kwanza, naye hakulisogeza.