Sahihi ya Pili

Miezi minne Mpimaji alikuwa akikipita kile kiti kwa adabu, kama mtu anayempisha mkwe. Hakukikalia hata siku moja, na wala hakuwahi kuweka mkoba wake juu yake.

Maabara ya maji ilikuwa chumba kirefu nyuma ya mitambo, chenye sinki tatu, meza ya vigae vyeupe na dirisha linalotazama matangi. Zamani walikuwa watu tisa, wakigombania birika la chai na ndoano za kutundikia makoti. Sasa ndoano tisa zilikuwa ukutani na koti lilikuwa moja, lake.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Unachota maji ya tangi kwenye kichupa, unatia kipakiti cha dawa ya unga, unatikisa. Maji yenye klorini ya kutosha hugeuka rangi ya waridi. Yakififia, jihadhari. Lakini kulikuwa na sheria moja ya tangu enzi na enzi: anayesoma haandiki, na anayeandika hasomi. Mmoja husimama dirishani, akalinganisha rangi na kadi, akataja namba kwa sauti. Mwenzake hukaa kitini, akaitaja tena, ndipo akaiandika kitabuni. Akiwa na shaka, husema neno moja tu: "Rudia." Hapo hakuna kubishana, unachota maji mapya na kuanza upya. Mwisho wote wawili hutia sahihi.

Mwandishi alikuwa mzee ambaye hata mlinzi wa lango alimwita Rudia. Jina lake halisi lilibaki kwenye hati za mshahara. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya ndoa yao alimwomba mfungisha ndoa arudie swali mbele ya ukoo mzima, kwa kuwa hakulisikia vizuri na hakuwa tayari kukubali jambo asilolisikia. Mpimaji alimwita kaka, na mkewe alimwita wifi, ingawa hawakuchangia hata tone la damu. Miaka kumi na mmoja walifanya kazi hivyo, yeye dirishani, mzee kitini.

Kisha akaja Tajiri. Huyu alikuwa na viwanda vya saruji, magazeti mawili na, kwa maneno ya watu, nusu ya wabunge. Alikuwa amegharimia kampeni, na kampeni ilipozaa matunda akapewa ofisi ya kubana matumizi ya serikali. Redioni walimsifu kwamba hachukui mshahara. Kwenye foleni za mkate watu walijibu kwamba fisi naye hadai mshahara akipewa kulinda mbuzi.

Vijana wake walifika maabara wakiwa na viatu visivyowahi kukanyaga maji. Waliuliza kwa nini mtu mmoja anataja namba na mwingine analipwa kuitaja tena, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wiki hiyohiyo barua nane zilitoka, na jioni mlinzi alikuwa amekwisha kusanya vitambulisho. Rudia aliisoma barua yake, akaisoma tena, kisha akamwomba kijana aliyeileta aisome kwa sauti. Kijana akaisoma. "Rudia," mzee akasema. Kijana akarudia, na maneno yalikuwa yaleyale. Wiki ya tano mzee alilala asiamke, na daktari akasema ni moyo.

Taabu haiji peke yake. Serikali iligombana na nchi jirani juu ya ushuru, na watu walijua ugomvi ulianzia kwenye saruji ya nani. Wale wakapandisha, hawa wakapandisha, na dawa ya kupimia, ambayo ilitengenezwa huko kwa jirani, ikakwama mpakani ndani ya maboksi. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Badala ya dawa ulikuja waraka: kila tangi lipimwe mara moja kwa siku tatu, na marudio ni matumizi yasiyo ya lazima.

Jambo moja wale vijana walilisahau. Fomu ilikuwa bado inataka sahihi mbili, na isipokuwa nazo ilirudishwa. Mpimaji alimpigia simu mkuu wake, na mkuu akamwambia ajaze tu, fomu isikae. Basi akaijaza. Aliandika sahihi ya Rudia na mkia wake uliopinda, na aliifanya vizuri kiasi cha kujiogopa. Mzee alipozikwa hakuacha, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumwandika.

Hapo ndipo kiti kilipoanza. Rudia alikuwa na tabia ya kuegemea nyuma kila anaposikia namba, na kiti kililia. Sasa Mpimaji akitaja namba mbele ya chumba kitupu, kiti kinalia. Alijiambia ni mbao, ni unyevu, ni mtetemo wa pampu. Lakini pampu zilitetema mchana kutwa, na kiti kililia alipotaja namba tu. Kuna asubuhi alikuta kitabu kimefunguliwa, kalamu imelazwa upande wa kulia, kama mzee alivyopenda. Yeye mwenyewe aliandika kwa mkono wa kushoto. Aliogopa, tena aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku ile maji ya tangi la tatu yalibaki karibu meupe.

"Sufuri nukta moja," alisema kwa sauti.

Kiti kikalia. Alilijua neno lililokuwa linangojwa. Vipakiti vilikuwa vimebaki vinne, vyote vimepitwa na tarehe, na dawa iliyochakaa nayo hufifisha rangi. Akasema moyoni kuwa ni dawa tu, si maji. Waraka ulikuwa ukutani mbele ya macho yake. Akaketi kwenye kigoda cha kando, akaandika sufuri nukta tatu, namba ileile ya safari iliyopita. Akatia sahihi yake, kisha ya marehemu.

Siku ya sita baada ya hapo watu sitini na wawili walikuwa hospitalini. Wawili walikufa, mmoja wao binti wa chekechea. Tangi likafungwa. Gazeti la Tajiri likaandika kwa herufi nene kwamba mzembe wa maji anasakwa, na chini yake likaweka jina zima la Rudia. Walikuwa wamesahau kwamba walimfukuza, na hawakujua kwamba amekufa. Walipojua, mkuu alimpigia Mpimaji simu kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kumsikia nayo. "Marehemu hafungwi, dada," alisema. "Wewe unafungwa. Kaa kimya."

Akakaa kimya siku mbili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, watu husema, na yeye alikuwa amemnyonga mnyonge na haki yake akaitia mfukoni.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mke wa Rudia aliingia maabara. Alikuwa na gazeti kwapani na barua mkononi, barua inayosema malipo ya uzeeni ya mumewe yamesimamishwa mpaka mhusika ajisalimishe. Kinyume na kawaida yake, hakusalimia.

"Jana polisi walikuja kumkamata," alisema. "Nikawapeleka kaburini. Wifi, nimekuja kuuliza jambo moja. Nani anaandika jina la mume wangu?"

Mpimaji alikuwa na jibu la mkuu tayari mdomoni. Alimtazama mjane, akazitazama zile ndoano.

"Ni mimi," alisema.

Alisubiri kofi, au kilio. Mjane alipumua kama aliyetua mzigo na kukuta mwingine chini yake. Kisha akauliza kiti cha mumewe ni kipi. Akaoneshwa. Akakivuta, akakikalia, akaegemea nyuma, na kikalia vilevile. Akafungua kitabu ukurasa mpya na kushika kalamu.

"Nenda dirishani," alisema. "Soma."

Mpimaji akaenda dirishani, pale alipokuwa akisimama miaka kumi na mmoja. Hakuwa na kichupa mkononi, na mikono yake haikujua pa kukaa. Akaanza kusema kwamba dawa ilikuwa imepitwa na tarehe, kwamba maelekezo yalitoka juu, kwamba namba ya tangi la tatu ikaandikwa nukta tatu.

Kalamu haikusogea.

"Rudia," alisema mjane.

Neno lile alilisubiri miezi minne, na sasa lilikuwa limetoka kitini, kwa mdomo wenye pumzi.

"Niliona moja," alisema. "Nikaandika tatu. Hakuna aliyenishika mkono."

Kalamu ikaandika. Hapo Mpimaji akaangua kilio, na kilio kikamfungulia njia nyepesi. Alisema kosa ni lake, lote, asitajwe mwingine yeyote. Alitaka kulibeba peke yake akapumzike nalo gerezani.

"Rudia," alisema mjane tena, na safari hii kwa hasira. "Wale wanane waliondoka kwa miguu yao wenyewe? Usininyime nusu."

Basi akarudia. Alitaja ofisi ya Tajiri na vijana wake waliocheka. Alitaja waraka na namba yake, maboksi yaliyozuiwa mpakani kwa ajili ya saruji, simu mbili za mkuu na maneno yake kama yalivyokuwa. Mjane aliandika polepole, akitaja kila sentensi kabla ya kuiandika, kama alivyofundishwa nyumbani bila kujua kwamba anafundishwa. Zilijaa kurasa tatu. Mpimaji akatia sahihi yake, mjane akatia ya kwake chini yake, jina lake mwenyewe.

"Watakufunga," alisema mjane.

"Najua, wifi."

"Na sijakusamehe. Nimekuandikia tu."

Walitoka pamoja na kitabu. Nje ya lango watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri, na ndoo tupu na midumu, wamechoka kuambiwa wasubiri taarifa. Walikuwa wakidai Tajiri aje anywe maji ya tangi la tatu mbele yao. Mlinzi, ambaye naye alikuwa na barua yake ya kuachishwa kazi mfukoni, alifungua lango bila kuuliza.

Mpimaji alipanda juu ya ukingo wa mtaro akasoma. Ukurasa wa kwanza, alipofika kwenye namba alishusha sauti, akaipitisha ile namba haraka kama anayeficha senti kiganjani. Walio nyuma walinong'ona. Mbele kabisa alikuwapo mwanamke mmoja asiye na ndoo wala mdumu. Watu walimwachia nafasi pande zote, na mlinzi akamnong'oneza Mpimaji kwamba ndiye mama wa yule binti wa chekechea.

"Hapo kwenye namba, dada," alisema yule mwanamke, taratibu. "Sijasikia vizuri. Rudia."

Mpimaji alikishusha kitabu ili amwone usoni.

"Niliona moja," alisema. "Nikaandika tatu."