Matanga ya Ziwa Letu

Wazo lilikuwa langu, na lawama zake ninazibeba mwenyewe. Sisi watu wa Trska tunaishi kando ya ziwa. Watu wa Brezna wako juu mlimani, unakoanzia Bistra, mto unaolijaza ziwa letu. Tumegombania maji hayo tangu enzi za mababu, na salamu zenyewe tulikuwa tunapeana kwa shingo upande. Kisha ikaja kampuni ya umeme na mabomba yake, ikitaka kuuingiza mto wote humo. Brezna wangekosa maji ya bustani, sisi tungebaki na tope.

Tulilalamika mjini tukaambiwa tuwe wapole. Mimi upole sina. Jumamosi ya kuwakumbuka wafu, badala ya kwenda makaburini, nilibeba meza hadi daraja la Bistra, ambako mashine za kuchimba za kampuni lazima zipite. Nikawasha mshumaa, nikaweka sufuria ya ngano ya marehemu, iliyochemshwa na kutiwa sukari na lozi. Kwetu, anayeikuta ngano hiyo huonja kijiko na kumwombea aliyekufa. Hata adui haikatai.

Wanawake wenzangu wa Trska walikuja na meza zao. Halafu, jambo ambalo sikulitegemea, wakateremka wanawake wa Brezna, mbele yao Stojna, mjane mwenye ulimi wa pilipili.

"Umempikia nani?" akaniuliza.

"Ziwa."

Akajipiga ishara ya msalaba. "We mwanamke una wazimu? Aliye hai hapikiwi ngano. Unaliitia kifo."

"Kifo kimeshapanda gari, kinakuja. Kama unaogopa, rudi kwako ukachume maharage."

Alinikazia macho nikadhani atanizaba kofi. Kisha akaisukuma meza yake mpaka ikagusana na yangu.

"Nani anaogopa? Ila sukari umebania. Nyie wa huku chini ubahili mmezaliwa nao."

Mashine ikafika. Aliyeiendesha ni Zafir, mtoto wa kaka yangu, na nyuma yake bosi wake kutoka mji mkuu, ndani ya gari safi.

"Shangazi, tupisheni," Zafir alisema bila kunitazama. "Nitafukuzwa kazi. Na hali ya mke wangu unaijua."

"Naijua. Njoo uonje kwanza. Ni ya ziwa."

Akakitazama kijiko, akarudisha mkono. "Hiyo siwezi. Ziwa halijafa."

"Sasa unakwenda kuzika nini?"

Bosi akashuka, akiwa na haraka. "Mnataka tuonje? Haya, tuonje tuendelee na kazi." Akachota kijiko kilichojaa, akatafuna, na kama alivyozoeshwa na mama yake tangu utotoni, akasema, "Mungu amrehemu."

Tukamgeukia sote, hata Stojna. Bosi alituangalia mmoja mmoja, ngano bado mdomoni, na uso ukamwiva.

Zafir akazima mashine. Akateremka, akampa bosi funguo.

"Umeliombea mwenyewe, bosi. Mimi sizikagi anayepumua."

"Basi huna kazi."

"Nimesikia."

Nilijivunia mtoto yule mpaka machozi yakanitoka, na papo hapo nikaingiwa na hofu, maana ni mimi niliyemponza. Atamlisha nini mkewe?

"Kesho naleta dereva mwingine," bosi alisema. "Wa mbali, asiyewajua."

"Mlete," Stojna akamjibu, akivuta kiti katikati ya daraja. Kisha akamgeukia Zafir. "Na wewe, mkeo umlete kwangu leo. Atakaa mlimani mpaka ajifungue na mpaka upate kazi. Maziwa yapo, kitanda kipo. Usinishukuru, sipendi."

Zafir akainamisha kichwa. Mimi nikachukua kiti changu, nikakiweka ubavuni mwa kile cha Stojna, tukamtazama bosi akihangaika kugeuza gari kwenye njia ile nyembamba. Hakuna hata mmoja wetu aliyesogea kumpa nafasi.