Anayejua Mtambo Hatoki

Kiwanda chetu cha sabuni kinaendeshwa na kidhibiti, sanduku la chuma ukutani linaloamua pampu ipi iwake na vali ipi ifungwe. Maagizo yake yameandikwa kwa lugha kongwe, mistari na mistari ya vifupisho, na mtu pekee aliyebaki anayeisoma ni mimi. Mhandisi aliyeniachia alistaafu akabadilisha namba ya simu siku hiyohiyo. Zamani nilimwona hana adabu. Siku hizi namwelewa kabisa.

Mume wangu alihamishiwa mji mwingine, akaenda na binti yetu. Mimi nilibaki kwa muda tu, mpaka apatikane wa kunipokea. Hakupatikana. Kuacha kazi nilijaribu, nikaonyeshwa mkataba: siondoki kabla ya kumfundisha mrithi, na mrithi hakuna. Wifi zangu wananiita mke wa mtambo, wanacheka, nami nacheka nao, ila maji yamenifika shingoni.

Ndiyo maana niliposikia vidhibiti vyote vinabadilishwa, nilifurahi kuliko aliyevinunua. Hivyo vipya vinakubali lugha mbili. Moja ni ya maandishi, fupi na tamu, lakini lazima uisomee. Nyingine ni ya michoro: nguzo mbili zenye vipago katikati, kama ngazi, kila kipago na swichi zake upande huu na mota upande ule. Fundi umeme yeyote ameshaona mchoro wa namna hiyo. Tukichagua ngazi, mafundi wa karakana wataweza kushika kazi yangu, nami shule zikifunguliwa niko kwa mwanangu. Nilishamwahidi.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha nyuma ya boila, ambako kiyoyozi kinapiga kelele tu. Meneja alikaa mbele. Mafundi umeme walijipanga ukutani na ovaroli zao, mkuu wao akiwa Kaka Volti, mtu ambaye nimekunywa naye chai miaka yote hii. Nikawasha projekta, nikaonyesha mchoro wa tangi la kuchanganyia.

"Kaka Volti, hebu tusomee."

Alisoma kama anayesoma jina lake mwenyewe. "Hapa tangi likijaa, pampu inazima. Hii vali ikiwa wazi, mota haiwaki. Na hapa umekosea, dada, swichi ya dharura ingetangulia."

Nilitamani kumkumbatia mbele za watu.

Meneja naye akafurahi. "Safi sana. Kwa hiyo mtambo ukigoma Jumapili, simsumbui tena huyu. Nakupigia wewe."

Kaka Volti akautazama tena mchoro, safari hii polepole. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; huyu alikuwa ameona mwenzake akiumwa, ikamtosha.

"Sasa bosi," akasema, "hapo juu nimebahatisha tu. Huku chini sielewi elewi."

"Si umesoma sasa hivi?"

"Nilikuwa nakisia."

Meneja akamgeukia fundi wa pili. Huyo akasema macho yanamsumbua. Wa tatu akasema yeye ni wa taa, tena za nje. Karakana nzima, watu wanaotafuta waya uliokatika kwa kupapasa gizani, ghafla hawajui A wala B. Hasira zilinipanda.

"Wanadanganya," nikasema. "Huyu amenisahihisha hapa hapa, mbele yako."

"Tusiwalazimishe watu," akajibu meneja. "Tuchukue ile ya maandishi. Ukijifunza wewe inatosha, kichwa chako chepesi." Alisema kwa heshima kabisa, kama ananipa zawadi.

Nilimkuta Kaka Volti kwenye korido, ameinama anafunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa.

"Umenizika mzima," nikamwambia.

"Nisamehe, dada." Hakuinua kichwa. "Mke wangu ameshaniambia, nikijua unachojua wewe, atabaki na mume wa kwenye simu. Na sisi wote tumekuona. Shangazi yako umemzika kwa simu, umesimama pale kwenye pampu."

Alisema kweli, na ningekuwa mimi ndiye yeye, ningesema mimi ni kipofu kabisa.

Jioni mume wangu alipiga kabla sijavua viatu. "Enhe, wamechagua ipi?"

"Wamenichagua mimi."

Nyuma yake nilimsikia binti yetu akiuliza nani yuko kwenye simu.

"Usimwambie wewe," mume wangu akasema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe ukimwambia, atakuuliza lini."